Duara la Chaki kwenye Lango la Sidonie

Msitumie chaki nyeupe kwenye lango la bati jipya. Jua likipiga haionekani. Hapo tumieni kipande cha kaa kutoka kwenye mbabula, jiko la makaa. Kwenye matofali ya kuchoma chaki inafaa, ila ichoreni juu, chini ya ukingo wa paa, mahali mvua haifiki. Na lango lililopakwa rangi upya mliombee ruhusa kwanza. Mimi nimewahi kukimbizwa na mama mmoja mwenye mwiko wa bukari, ugali wetu, mkononi, kwa sababu nilichafua rangi yake ya Noeli.

Naanza na chaki kwa kuwa ndicho kitu nilichokishika kuliko vyote. Mliniomba nije kituoni niseme nanyi, ninyi relé wapya wa Naviundu, watu wa afya wa mtaani kama nilivyokuwa mimi. Nilikuja. Mliona kilichotokea: nilifika kwenye habari ya alama za malango, sauti ikakatika, mkanipa maji. Nawashukuru. Basi nimeandika yale niliyoshindwa kuyasema. Sikusoma sana, niliachia darasa la nne la sekondari, mwaka baba yetu alipopunguzwa kazi kwenye reli. Mtanivumilia.

Kazi yangu haikuwa kutibu. Nilikuwa mtu wa kupanga. Kampeni ya kifua kikuu ikija, ya presha, ya chanjo, ya kansa ya mlango wa kizazi, mimi ndiye niliyechora kroki, ramani ya mkono ya mtaa, nikagawa avenyu kwa watu, nikachagua siku na mahali pa kusimamisha hema. Mnaweza kudhani hiyo ni kazi ndogo. Muuguzi mzuri akiwekwa mahali pabaya, siku mbaya, hapimi mtu.

Aliyenifundisha ni Mama Germaine, muuguzi mkuu wa kituo chetu. Sisi wote tulimwita Titulaire, hata mumewe alimwita hivyo. Wiki yangu ya kwanza alinikuta nimesimama na daftari kwenye kona ya avenyu.

"Papa Oscar, unahesabia nini pale?"

"Malango, Titulaire."

"Lango haikohoaka. Lango haizalaka. Kuja kesho asubuhi, uhesabie mbabula."

Kesho yake nilikuja jua linapochomoza. Nyuma ya lango moja nililokuwa nimeandika "familia moja" kulikuwa na mbabula nne zinatoa moshi: mwenye kiwanja, parseli kama tunavyosema, wapangaji wawili, na mama mmoja aliyelala kwenye chumba cha nyuma ambaye hata mwenye parseli alikuwa hamtaji. Tangu siku hiyo sikuhesabu tena kitu kingine. Kila mbabula ni chungu, na kila chungu kina mtu wake anayekula.

Makosa yangu nayakumbuka kuliko sifa. Mara moja nilipanga uchunguzi wa akina mama siku ya Jumanne, kwa sababu ofisi ya zone ya afya iliipenda Jumanne. Hema limesimama, wauguzi wamevaa mablausi, makoti meupe ya kazi, saa nne hakuna mtu. Avenyu ilikuwa tupu kama ya Ijumaa Kuu. Nikamfuata mtoto mmoja aliyebeba beseni la mahindi kichwani, nikawakuta wote. Umeme ulikuwa umekatika muda mrefu, asubuhi hiyo umerudi, na mtaa mzima ulikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga.

Nikawaomba waje. Mama mmoja akaniangalia kuanzia viatu mpaka kofia.

"Papa, weye unatuita ku kizazi, shiye tuko na njaa. Umeme itaenda saa sita. Kizazi haitaenda fasi yoyote."

Foleni yote ikacheka. Mwingine akapaza sauti kutoka nyuma: "Mulete ile hema yenu hapa! Mashine isage, na mutupime!"

Nilirudi kwa Titulaire nikiwa na hasira. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Umesikia vile bamesema?" Nikasema ndiyo. "Basi beba hema."

Tukalisimamisha ubavuni mwa kinu, na hapo nilijifunza jambo ambalo hakuna semina iliyonifundisha. Kelele za mashine zilifunika maneno. Ndani ya hema mama aliweza kumuuliza muuguzi swali lolote la siri, na mwenye beseni hatua tatu kutoka hapo asisikie kitu. Tangu siku hiyo nilipenda kupanga uchunguzi wa akina mama karibu na kelele. Ukiwapeleka mahali patulivu, wanakaa kimya.

Uchunguzi wenyewe ni mwepesi, nanyi mtauona. Muuguzi anaangalia kwa taa, anapaka siki iliyopunguzwa nguvu, anasubiri kidogo. Mahali pabaya panageuka peupe. Palipo padogo panachomwa kwa kifaa cha joto, mara nyingi siku ileile, na mama anarudi kupika. Lakini pakiachwa, pabaya panakua miaka bila kuuma. Damu inapoanza kutoka ovyo, mara nyingi tumeshachelewa. Kwa hiyo kila kitu kiko kwenye kumfikia mtu kabla hajaumwa. Kumfikia huko ndiko kazi yetu sisi.

Sasa nije kwenye alama.

Mwanzoni tulikuwa na mbili tu: mstari mmoja, tumefika; mistari miwili, turudi. Ya tatu niliileta mimi. Tulikuwa tumeingia kwenye parseli moja na kipaza sauti, tunatangaza kampeni, kumbe ndani kuna msiba. Watu wameketi kwenye mikeka, picha ya marehemu iko kwenye kiti. Mzee mwenye nyumba akainuka polepole, akaninyang'anya kipaza sauti mkononi kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Shiye tunalia muntu, na weye unakuya na makelele? Baba yako alikufa, balikuletea kampeni?"

Nikatoka na timu yangu. Avenyu ile ilitufungia malango muda mrefu. Nikafikiri sana, nikatoa sheria: nyumba yenye kilio hatuingii na kazi. Relé akikuta kilio, anachora duara langoni, anapita kimya. Nilimweleza Titulaire, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Iko na heshima." Ofisi ya zone iliipenda. Nilitumwa kuifundisha Kambove, kwa watu wa wachimbaji, na Kasenga pia, kule kwenye mto Luapula, ambako walinipa samaki wakavu wa kubeba nyumbani. Nilikuwa na fahari. Mtu asiye na diploma, na alama yake inachorwa kwenye malango ya mbali.

Fomu ya ripoti ilikuwa na vyumba viwili: nyumba zilizofikiwa na zisizofikiwa. Cha duara hakikuwepo. Nyumba za duara niliziandika kwenye zilizofikiwa, kwa kuwa tulifika langoni. Hakuna aliyenilazimisha, wala hakuna aliyeniuliza. Nawaambia ili mjue uongo wa kazi yetu unavyofanana: unaweza kuwa sentensi iliyo kweli.

Sidonie alikuwa mdogo wangu, tuliyefuatana naye tumbo moja. Mumewe alikufa Kambove, shimo la wachimbaji lilipoporomoka. Wakwe zake walikuwa na parseli hapa Naviundu, wakamrudisha kwao, akaketi kwenye mkeka na nguo nyeusi. Sisi ni Wakatoliki, wazee wetu walitoka kaskazini, upande wa Kabalo, kwa kazi za reli. Tunasali, lakini mambo ya mjane yana utaratibu wake. Kwa familia zetu mjane haendi sokoni, haendi kuchota maji, haguswi na mikono ya wageni, mpaka wakwe wamalize kilio rasmi. Na wakwe wake walisema wakubwa lazima watoke kaskazini. Wakubwa hawakutoka. Mara njia mbovu, mara ugonjwa, mara treni haipo. Msimu wa mvua ukapita, ukaja mwingine. Sidonie bado yuko kwenye mkeka.

Katika muda huo kampeni ya akina mama ilipita mara mbili. Avenyu ile niliichukua mimi mwenyewe, kwa sababu ya dada yangu. Mara ya kwanza nilichora duara, nikaingia kumsalimu kama ndugu, nikatoka. Mara ya pili sikuingia, tulikuwa na haraka. Alikuja yeye langoni, akaniita yaya, yaani kaka mkubwa, kama tangu utotoni. Alikuwa amekonda, nikadhani ni huzuni. Nani asiyekonda kwenye kilio?

"Yaya, leo munapima nini?"

"Mambo ya bamama. Weye hapana kusumbuka, uko mu kilio."

Alisimama kidogo, ameshika bati la lango. Akaangalia mkono wangu ukimaliza duara.

"Aya, yaya. Kazi muzuri."

Ni hayo tu. Nimeyapitia maneno hayo mara nyingi kuliko sala yoyote. Kwenye mtaa nilikuwa nimetamka neno "kizazi" kwa kipaza sauti mbele ya wanaume, mapadri na walevi, bila haya. Kwa dada yangu nilisema "mambo ya bamama". Kwetu kaka haongei na dada juu ya tumbo lake. Na nilikuwa na sheria yangu ya kujificha nyuma yake.

Wakubwa walipofika hatimaye na kilio kikamalizwa, Sidonie alikuwa hawezi kusimama ibada nzima. Titulaire ndiye aliyemwona. Alimtazama mara moja tu, akatafuta gari. Hospitalini walitueleza kwa upole kwamba kansa ya kizazi ilikuwa imeshaenea. Nililala kwenye korido siku nyingi. Asubuhi moja nilikuwa ninamlowesha midomo kwa kitambaa, akasema bila hasira, na hilo ndilo linaloniuma:

"Siku ile ku lango, damu ilikuwa inatoka tayari. Nilisema, yaya ataniuliza. Weye ukachora."

Nikamwambia anisamehe. Akasema, "Nilikusamehe palepale. Ulikuwa unafanya kazi." Kisha akaniuliza kama binti zake wamekula.

Tulimleta kwangu kutoka hospitali, akafa kabla ya Pasaka. Kilio kilikuwa kwangu. Turubai lilifungwa uani, mikeka ikatandikwa, akina mama wakajaa: binti zake wawili, mke wangu, majirani, shangazi zetu waliokuja kutoka Kabalo tangu alipolazwa, wake za binamu. Siku ya tatu asubuhi nilitoka kutafuta kuni. Nilipofunga lango nyuma yangu, nililiona. Duara la chaki, limechorwa vizuri, juu, chini ya ukingo wa paa, kama nilivyowafundisha relé wenzangu.

Nilikuwa nimesahau kuwa kampeni ya akina mama ilikuwa wiki hiyo. Niliipanga mimi mwenyewe.

Mbele kwenye avenyu niliona timu inaondoka na mabegi. Wa mwisho alikuwa Kambale, relé mwenzangu, mtoto wa wafanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini, mtu mwenye adabu kuliko sisi wote. Aliponiona alivua kofia.

"Pole sana, Papa Oscar. Tutakuya jioni kulia na weye. Tumepita kimya, sawa vile ulitufundisha."

Nikageuka nikalitazama tena. Ndani ya duara lile walikuwamo akina mama wote wa ukoo wangu, wameketi pamoja mahali pamoja, jambo ambalo kroki zangu zote hazikuwahi kuliweza. Siku mbili baadaye wangetawanyika. Wengine wangerudi kaskazini, mahali ambapo siki ipo ya kachumbari tu. Nikalifuta kwa kiganja. Halikutoka vizuri, nikalifuta kwa mkono wa shati.

"Kambale, rudisha timu."

"Papa?"

"Rudisha. Muingie."

Waliingia wameinamisha vichwa kama wezi. Baba mdogo wetu, Papa Kasongo, mdogo wa marehemu baba, alikuwa ameketi na wanaume. Alipoona mabegi alisimama.

"Oscar. Mutu hajamaliza siku tatu mu udongo, na weye unaleta kazi?"

"Ndiyo, baba."

"Ku kilio ya dada yako?"

"Ni hapa inafaa kuanzia, baba. Ni miye nilimuruka."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote mpaka saa ile. Nilieleza mbele yao wote, nimesimama na chaki kwenye shati: mara mbili zile, lango, swali lake, jibu langu. Sikulia. Papa Kasongo alinitazama muda mrefu, nikasubiri anifukuze nyumbani kwangu mwenyewe. Alikuwa na haki.

Titulaire alikuwa kwenye mkeka wa akina mama, amefunga kitambaa kichwani kama wafiwa wengine. Alisema bila kuinua sauti, "Papa Kasongo, beko banalia tangu juzi. Muntu akipimwa, nani atamukataza kulia?"

Aliyejibu ni shangazi Léonie, mkubwa kuliko wote, aliyekuwa akilia kwa sauti kwa siku tatu mfululizo. Alijipangusa pua, akashika bega la jirani, akainuka.

"Miye nilizaa munane, hakuna kitu kule ndani bantu habajaona. Nitaanza miye, muone kama banakulaka muntu. Oscar, geuka kule."

Vicheko vilitoka, vile vicheko vya msibani vinavyochanganyika na machozi. Nikageuka, nikatazama ukuta. Papa Kasongo aliketi tena, akaelekeza kiti chake upande wa barabara, na wanaume wote wakageuza vyao. Hiyo ndiyo ruhusa aliyotupa, sikuomba nyingine.

Walitumia chumba alichokuwa akilala Sidonie. Godoro lilikuwa bado linaanikwa nje, hivyo walitandika shuka safi kwenye kitanda cha ubao. Waliingia mmoja mmoja, wakatoka, wakarudi kwenye mkeka kuendelea kuimba nyimbo za wafu. Binti zake Sidonie waliingia wa mwisho, wameshikana mikono.

Mmoja kati ya akina mama wale alikutwa na alama nyeupe. Sitasema ni nani. Hakunipa ruhusa, na ninyi pia msiseme kamwe. Alitibiwa wiki iliyofuata na yuko hai. Padri aliponiambia kwamba kifo cha dada yangu kilileta uhai, nilimwomba asirudie. Sifanyi biashara hiyo. Sidonie alipaswa kupimwa siku aliyokuja langoni, na yule mwingine naye alipaswa kupimwa. Wote wawili.

Baada ya hapo nilikwenda ofisi ya zone nikawaambia kuhusu fomu. Walinikasirikia kidogo, wakaongeza chumba cha tatu. Kambove na Kasenga nilirudi kwa nauli yangu, nikafundisha upya, na hiyo ndiyo safari ngumu kuliko zote nilizofanya, kwa maana watu hawapendi kusikia kwamba heshima yao iliua.

Duara mtaendelea kulichora, ila sasa weka nukta katikati. Maana yake: ndani kuna watu. Siku ya kwanza ingia bila begi, bila blausi. Keti kwenye mkeka. Ukipewa maji, kunywa. Ukipewa bukari, kula, hata kama umeshiba. Lia kama unaweza. Kama huwezi, usiigize, watajua. Usiseme neno la kampeni mpaka mama mkubwa wa kilio akuulize unafanya kazi gani. Atakuuliza, kwenye kilio siku ni ndefu. Mjibu kwa ukweli, umwachie yeye achague saa. Siku ya pili njoo na begi. Na mjane aliye peke yake usimtumie mwanaume wa ukoo kumwuliza. Mtume mwanamke, ikiwezekana mjane mwenzake. Mimi sikumtuma mtu. Nilikuwa na wauguzi wanawake watatu hatua kumi nyuma yangu.

Parseli ya wakwe wa Sidonie ipo bado, mnaifahamu, ile yenye lango la bati la kijani baada ya kisima. Huwa napita hapo nikienda misa. Mvua imekwisha kulifuta duara langu zamani, na lango limepakwa rangi mara mbili. Mimi bado naliona mahali lilipokuwa.

Siku moja mtakuwa na haraka. Chaki itakuwa mkononi, timu itakuwa mbele, na mtu aliyekonda atasimama langoni, ameshika bati, awaulize leo munapima nini. Hatakuwa anauliza habari ya kampeni. Shusheni mkono. Mjibuni yale ambayo mimi hujibu kila Jumapili nikipita pale, kwa sauti ya chini, watu wasidhani mzee ameanza kuchanganyikiwa:

Leo tunapima weye, Sidonie. Kuja.